Kuonyesha kwa Sauti: Maoni juu ya Miongozo ya Sauti katika Majumba ya Sanaa

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kupima tenzi, hadithi, tamthilia na hotuba. Lakini kuna aina moja ya usemi isikilizwayo kila siku na watu wengi katika miji mikubwa ya dunia, ambayo ni nadra kupimwa kama usemi. Nayo ni maneno ya mwongozo wa sauti katika jumba la sanaa: yule msemaji asiyeonekana, aliyetiwa ndani ya simu ya mkononi au ndani ya kifaa kidogo cha kukodi, ambaye humnong'oneza mgeni sikioni habari za picha iliyo mbele yake. Watu hukihukumu chombo chenyewe, kwamba ni chepesi au kizito, betri yake yadumu au haidumu, bei yake yafaa au haifai. Maneno yake huyapokea kama wapokeavyo maji ya bomba.

Katika makala hii nakusudia kuyahukumu maneno. Hoja yangu ni kuwa kazi ya mwongozo wa sauti ni kuonyesha, yaani kufanya kwa ulimi kazi ya kidole. Lugha ya Kiswahili ina zana za kazi hiyo ambazo Kiingereza hakina, na zana hizo zitapotea bure ikiwa miongozo ya Kiswahili, siku itakapoandikwa, itakuwa ni tafsiri tu ya miongozo ya Kiingereza.

Yafaa kwanza kueleza chombo hiki kilivyoanza, maana asili yake yaonyesha tabia yake. Jaribio ambalo aghalabu huhesabiwa kuwa la kwanza lilifanywa mwaka 1952 katika jumba la Stedelijk, mjini Amsterdam. Maelezo yalirekodiwa katika utepe, yakarushwa kwa mawimbi ya redio mle mle jumbani, na mgeni akayapokea kwa kifaa alichotembea nacho. Kwa kuwa utepe ulikuwa mmoja, wote waliosikiliza lugha moja walisikia neno lile lile kwa wakati ule ule. Basi waligeuza vichwa pamoja, wakahama pamoja kutoka picha hii hadi ile, kama maamuma wamfuatao imamu. Baadaye zikaja kaseti. Halafu vikaja vifaa vyenye tarakimu, ambavyo mgeni hubonyeza namba iliyobandikwa kando ya picha. Na sasa kuna programu za simu, ambazo majumba mengi huzitoa bure. Mgeni wa leo yu huru kuanza na kukoma atakapo. Lakini uhuru huo ni wa miguu. Jicho bado lafuata sauti, na sauti bado yaenda kwa mwendo wake yenyewe. Msomaji wa kitabu asipoelewa sentensi hurudi nyuma kwa kupepesa jicho mara moja. Msikilizaji wa mwongozo hana jicho la ziada, maana alilo nalo limeajiriwa kwingine.

Yako majumba yaliyodhani kuwa dawa yake ni kuongeza picha juu ya sauti. Mwaka 1642, mwaka wa picha nitakayoieleza baadaye, mtu alikuja jumbani na macho yake tu; mwaka 2012 jumba la Louvre, mjini Paris, lilianza kuwapa wageni wake Nintendo 3DS, mashine ya mchezo yenye vioo viwili, iwe ndiyo mwongozo wao. Mashine hiyo ilikuwa hodari kwa kumwonyesha mgeni njia katika jumba lile kubwa lenye kupoteza watu, wala sina neno juu ya hilo. Lakini mtu aliyesafiri hadi Paris, akasimama mbele ya picha, kisha akainamisha kichwa kuitazama sura ya picha ile ile kiganjani mwake, ameuziwa kivuli na mti upo mbele yake. Sauti tupu ina adabu kuliko kioo, kwani huyaacha macho mahali pake.

Sasa natwaa picha moja iwe mfano. Jirani wa Stedelijk, katika uwanja ule ule mjini Amsterdam, ni jumba la Rijksmuseum, na humo mna picha kubwa ya Rembrandt ya mwaka 1642 ambayo Waholanzi huiita De Nachtwacht. Mimi nitaiita Zamu ya Usiku. Kimo chake ni karibu mita 3.8 na upana wake karibu mita 4.5, nayo imejaa wanamgambo wa mji wanaojiandaa kutoka. Mbele, katikati, wako wawili: Kapteni Frans Banninck Cocq, mwenye nguo nyeusi na ukanda mwekundu uliopita kifuani, na luteni wake Willem van Ruytenburch, aliyevaa mavazi yang'aayo. Mwanzo picha hii ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1715 ilihamishiwa katika jumba la baraza la mji, ikakatwa pande zote nne ili ienee ukutani, na upande wa kushoto ndio ulioumia kuliko pande nyingine. Wala si picha ya usiku: vanishi iliyogeuka nyeusi kwa miaka mingi ndiyo iliyowadanganya watu. Iliposafishwa katika miaka ya 1940 mchana ulirudi, lakini jina la mchana halikupatikana.

Mtu akisimama mbele ya picha ya namna hii huku sauti ikimsemesha, aghalabu huanza kwa kusifiwa picha. Huambiwa kuwa ni kazi tukufu, kuwa mchoraji alikuwa na kipaji kisicho na kifani, kuwa dunia nzima yaistaajabia. Maneno haya hayana faida. Aliyelipa kiingilio na kusubiri nyuma ya migongo ya watu mia amekwisha ambiwa hayo na kila mtu, na sifa humfundisha kustaajabu kabla hajaona cha kustaajabia. Kisha hufuata habari za maisha ya mchoraji. Saskia, mkewe Rembrandt, alifariki katika mwaka ule ule wa 1642. Ni habari ya huzuni, tena ya kweli, lakini hakuna mahali katika kitambaa hiki ambapo jicho laweza kutua likiisikia. (Wako waonao sura ya Saskia katika uso wa msichana mmojawapo pichani, hao wana haki ya kuitaja, mradi waseme hivyo.) Wakati sauti ikisimulia kifo, macho ya mgeni huzurura huku na huku, mara kwa mbwa, mara kwa ngoma, mara kwa kofia ya mgeni mwenzake. Sauti na jicho zimeachana, kila moja imeshika njia yake. Mgeni huondoka akijua mengi juu ya Rembrandt, ambayo angeweza kuyasoma kitandani kwake.

Sasa tusikilize namna nyingine. Maneno haya nimeyatunga mwenyewe ili yawe kielelezo, wala si mfano wa kuigwa:

Anza na mkono wa kapteni, mkono huu unaotutokea sisi. Kiganja ki wazi, kama cha mtu aanzaye kusema. Sasa sogea kidogo, kulia kwetu. Kivuli cha mkono huo kimeanguka juu ya koti la luteni. Umekiona? Basi mwanga watoka wapi? Watoka kule juu, kushoto kwetu. Ufuate urudi huko ulikotoka. Pita bega la kapteni, kisha ingia humu, kati ya watu. Humu mna msichana, naye peke yake amevikwa mwanga kama nguo. Mtazame kiunoni. Kuku aliyekufa ananing'inia, miguu juu. Nitanyamaza kidogo.

Kuku yule si pambo. Wanamgambo hawa waliitwa kwa jina la bunduki yao ya zamani, na ukucha wa ndege ulikuwa alama ya chama chao. Basi msichana amebeba nembo ya kikosi kizima kiunoni mwake. Habari hiyo ni ya kitabuni kama ile ya Saskia, lakini imekuja baada ya jicho kufika, na jicho lina mahali pa kuitua.

Ningependa msomaji aangalie maneno madogo katika kielelezo kile. Nilisema kwanza "mkono huu", kisha "mkono huo". Vitabu vyetu vya sarufi hufundisha kuwa "huu" ni wa karibu na msemaji, "ule" ni wa mbali, na "huo" ni ule ulio karibu na msikilizaji au uliokwisha tajwa. Je, msemaji wa mwongozo amesimama wapi? Yumo sikioni mwa msikilizaji. Wawili hawa wana miguu miwili tu na macho mawili tu kati yao. Kilicho karibu na mmoja ki karibu na mwenziwe, na hivyo "huo" umepoteza kazi yake ya kwanza ukabakiwa na ile ya pili, yaani kurejea jambo lililokwisha semwa. Haya ni manufaa makubwa. Akisikia "huu", mgeni ajua kuwa yampasa kutazama kitambaani. Akisikia "huo", ajua kuwa yampasa kukumbuka. Kiingereza kina maneno mawili tu kwa kazi zote hizi, na neno lake la mbali ndilo pia la kurejea. Basi mwandishi wa Kiingereza hulazimika kujaza sentensi zake kwa vipimo vya juu kidogo, nyuma kidogo, kando ya yule wa tatu, hata msikilizaji huchoka kama mtu anayeelekezwa nyumba katika mtaa asioujua.

Kadhalika "hapa", "huku" na "humu". Mahali dhahiri, mahali pasipo mipaka, na mahali pa ndani: ngeli hizi tatu za mahali twazitumia bila kufikiri tuagizapo chumvi jikoni, lakini mbele ya picha ya Rembrandt huwa ni uhakiki kamili. Mkono wa kapteni ni "hapa". Nyuma ya kikosi, chini ya tao, ni "kule", hakuna awezaye kusema kwapi hasa. Na lile giza la katikati, ambamo nyuso zachungulia moja moja, ni "humu". Asemaye "hapa gizani" hajaiona picha. Mwalimu akitaka kuwafundisha wanafunzi wake jinsi mchoraji huyu alivyofanya kitambaa bapa kiwe na tumbo, na awaulize tu ni wapi katika picha wangesema "humo", na kwa nini.

Sisemi kuwa lugha yetu haina upungufu. "Yeye" haibagui mwanamume na mwanamke. Mfasiri akikuta katika Kiingereza neno moja fupi la kike, ambalo mbele ya picha iliyojaa wanaume hupeleka macho kwa msichana mara moja, hawezi kuliandikia "yeye" akategemea macho yafike. Sharti ataje "msichana". Na kwa kuwa nyuma ya msichana huyo yuko mwingine aonekanaye kwa shida, sharti ataje yupi. Kulia na kushoto ni mtego mwingine. Mkono ule wa kapteni ni wake wa kushoto, lakini u upande wa kulia wa atazamaye. Kwa Mswahili, mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, hauwi upande wa ukuta bali kiungo cha mtu, na ukisema "mkono wa kulia" tu atakitafuta kiungo. Ndiyo maana nilisema "kulia kwetu" na "kushoto kwetu" kila mara, hata pale ambapo sikio lenye haraka lingeona ni maneno mengi.

Juu ya rangi, naona upungufu wetu umegeuka kuwa utajiri. Vivumishi vyetu vya asili vya rangi ni vitatu tu, yaani -eupe, -eusi na -ekundu, na zilizobaki twaziazima kwa vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, samawati kwa mbingu, manjano kwa kile kiungo cha kupikia, zambarau kwa tunda, na ile damu ya mzee ambayo sijui lugha nyingine yenye ujasiri wa kuita rangi kwa jina kama hilo. Mwongozo wa Kiingereza utasema koti la luteni ni la njano, na kazi imekwisha. Mwongozo wa Kiswahili lazima uulize: ni manjano ya jikoni? La. Ni dhahabu? Imepauka mno. Ni nyasi za kiangazi penye jua la saa tisa. Msikilizaji hulazimika kulilinganisha koti na nyasi alizopata kuziona, na katika kulinganisha huko hulitazama koti kwa muda ambao asingelitazama kama angepewa jina lililo tayari. Wenye kazi ya kutunga istilahi watapenda kutupatia majina ya rangi mia, na nawaheshimu. Nawaomba tu wasianzie hapa.

Sasa yapasa nikabili hoja iliyo nzito zaidi dhidi yangu. Yaweza kusemwa kuwa nikitaka sauti ifuate jicho, naifanya sauti kuwa mtumwa wa kile ambacho mchoraji, au aliyemlipa mchoraji, alitaka tukione. Picha nyingi katika majumba haya zililipiwa na matajiri. Na mali yao ilipotoka hapaonekani pichani. Rijksmuseum lenyewe limetoa mfano. Mwaka 1634 Rembrandt alichora picha mbili za kimo kizima za Marten Soolmans na mkewe Oopjen Coppit, ambazo mwaka 2016 zilinunuliwa kwa ushirika na Uholanzi na Ufaransa kwa euro milioni 160. Jicho laona hariri nyeusi, lesi nyeupe, lulu, na yale maua makubwa ya lesi juu ya viatu vya Marten. Jicho halioni sukari. Lakini mali ya ukoo wa Marten ilitokana na kusafisha sukari mjini Amsterdam, na sukari hiyo ilitoka Brazili, ilikolimwa na kupikwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Katika maonyesho ya mwaka 2021 juu ya utumwa, jumba hilo lilisimulia maisha ya watu kumi, Oopjen akiwa mmoja wao, na sauti za mwongozo ziliachiwa watu wenye uhusiano fulani na habari za watu hao.

Nakubali: hapo sauti haina budi kusema lisiloonekana, na mwongozo unaoishia kwenye lesi umeshiriki katika kuficha. Ila swali la ufundi labaki pale pale. Lisiloonekana latakiwa kutundikwa juu ya kinachoonekana, au litaanguka. Anayeanza kwa kusema kuwa biashara ya sukari katika karne ya 17 ilikuwa kadha wa kadha amempoteza msikilizaji wake, na macho yanarudi kuzurura. Anayeanza kwa kulipeleka jicho kwenye lesi hii ya shingoni, akaliacha lihesabu matundu yake, kisha akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeilipia, huyo amepata ndoana. Tangu hapo mgeni hawezi kuiona lesi hiyo bila sukari. Na jambo la pili ni juu ya msemaji mwenyewe. Miongozo mingi husemwa na sauti isiyo na mtu, laini, isiyotoka mahali popote, kana kwamba jumba lenyewe linasema. Penye habari ya watumwa sauti kama hiyo haifai, kwa kuwa msikilizaji ana haki ya kujua ni nani anayemwambia. Kutoa nafasi kwa wasemaji wenye nasaba na jambo lenyewe kwaonyesha kuwa jumba lilitambua hivyo.

Tukiandika miongozo yetu wenyewe, hatuanzi mikono mitupu. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam, na katika filamu zinazosimuliwa na DJ Afro wa Kenya, tunayo sanaa iliyokomaa ya sauti ya Kiswahili iliyopandikizwa juu ya picha za kigeni. Wasomi wengi huidharau, kwa kuwa msimulizi huongeza, hupunguza na hutania. Mimi naona wasimulizi hao wamejua jambo ambalo majumba makubwa ya Ulaya yamechelewa kulijua, kuwa mwenye kutazama hahitaji tafsiri ya kila neno, bali mtu wa kumwambia "mwone huyo, usimsahau" kabla ya jambo kutokea. Utani wao haufai mbele ya Oopjen. Wepesi wao wa kuonyesha wafaa popote.

Mahali pa kuanzia pako karibu kuliko Amsterdam. Katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi zimo picha za watu wa makabila ya Kenya zilizochorwa na Joy Adamson, yule ajulikanaye zaidi kwa habari za simba Elsa, ambaye serikali ya kikoloni ilimwagiza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwongozo wowote uliofasiriwa ungeanza na bibi huyo, alikozaliwa na alivyofika Afrika. Mwongozo uliotungwa kwa Kiswahili ungeanza na ushanga huu wa shingoni, ungeuita kwa jina auitalo mvaaji, ungetaja avaaye ushanga kama huo ni nani na huuvaa siku gani, kisha ungepanda polepole hadi kwenye macho yake, ukanyamaza. Habari za mchoraji zingekuja baadaye, mgeni akiwa amekwisha kumwangalia vya kutosha yule aliyekaa kuchorwa.